Sura ya Tano: Mji Ulioshuka Mlimani

Moshi una asili mbili: moja iko juu, katika migomba ya Old Moshi, ambako Mangi Rindi aliketi barazani akipokea wageni wa pwani na wa Ulaya, na ya pili iko chini, katika uwanda wa joto, ambako Wadachi, yaani Wajerumani, walikomesha reli yao mwaka 1911 na kukipa kituo hicho cha mwisho jina la umangi waliokuwa wamekwisha kuuvunja. Jina lilishuka, wenyewe hawakushuka. Tangu siku hiyo hata leo, watu walioufanya mji huu utajwe mbali wamekuwa, aghalabu, watu wa mlimani walioteremka asubuhi kuuza, kudaiana, kusoma na kujadiliana, na jioni wakapanda kurudi vihambani kwao. Na mwandishi atakayeieleza tarehe ya Moshi kwa mitaa yake peke yake, asiinue macho juu ya mapaa ya mabati, atakuwa ameandika habari za mlango akaisahau nyumba.

Upande wa kusini wa Kilimanjaro umekatwa na makorongo mengi, na kati ya korongo na korongo umesimama mgongo wa ardhi yenye rutuba ambao Wachagga waliugawa kwa vihamba: kila jamaa na kiunga chake cha migomba, kila kiunga na nyumba yake, na kila nyumba na haki yake katika mfongo, yaani mfereji ulioletwa kutoka juu mtoni kwa maarifa ya mababu, ukipitishwa kandokando ya bonde kwa mteremko mdogo mno hata mgeni autazamapo kwa mbali hudhani maji yanapanda. Migongo hiyo ilikuwa dola ndogo ndogo, kila moja na mangi wake: Machame, Kibosho, Uru, Kirua, Kilema, Marangu, Mamba, Rombo na nyinginezo, zilizokuwa zikipigana na kuoana, na kuvunja mapatano kwa wepesi ule ule wa kuyafunga. Moshi haukuwa mkubwa kuliko wenziwe, wala haukuwa na askari wengi kama Kibosho ya Mangi Sina. Ulichokuwa nacho ni Rindi.

Wageni walimwita Mandara. Alikuwa mtu wa jicho moja, mwenye sura ya kuheshimiwa na ulimi wa kuvutia, na wazungu waliomwendea kwa nia ya kumpima waliondoka wakiwa wao ndio waliopimwa. Charles New, mmisionari aliyefika kwake mwaka 1871 na kupanda hata mpaka wa theluji, alirudi tena mwaka 1875, akanyang'anywa mali yake, akafa njiani akielekea pwani. Harry Johnston aliishi kwake mwaka 1884, akapata ardhi na mengi ya kuandika. Mwezi Mei mwaka 1885 alikuja Lloyd Mathews, jemadari wa jeshi la Sayyid Barghash wa Unguja, na mamangi wa mlimani, Rindi akiwa miongoni mwao, wakaikubali bendera nyekundu ya Sultani. Majuma machache baadaye akaja Karl Jühlke, mjumbe wa Mdachi Carl Peters, na Rindi akafanya naye mkataba pia, kama kwamba wa kwanza haukuwako. Mwaka ule ule alikuwa amekwisha kuwapa wamisionari wa Kiingereza mahali pa kujenga, na baadaye alituma wajumbe wake mpaka Berlin kumsalimu Kaisari.

Wapo waandishi waliomhukumu kuwa mlaghai. Mimi naona hukumu hiyo haina insafu. Rindi alitawala kipande kidogo cha mlima, akiwa na jirani mwenye nguvu kumshinda, katika miaka ambayo dola za Ulaya zilikuwa zikikata nchi za watu kwa rula. Mali aliyokuwa nayo ni kupendwa na wageni wengi kwa wakati mmoja, naye aliitumia kwa ustadi ambao mabalozi waliosomea kazi hiyo wangeweza kuusomea tena kwake. Kwamba hila hizo hazikumwokoa mwanawe si dalili ya upumbavu wake. Tena, ifahamike kwamba ile hadithi ipendwayo na watembezaji wa watalii, ya kuwa Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm mlima huu kuwa zawadi ya kuzaliwa, haina ukweli wowote: mpaka wa Waingereza na Wadachi uliokatwa mwaka 1886 ulipindishwa kuuzunguka mlima kwa sababu ya madai ya mikataba na ya bandari ya Mombasa, na Wilhelm huyo hakuwa Kaisari mpaka mwaka 1888. Kilichouweka mlima upande wa Wadachi ni karatasi kama ile ya Jühlke, nayo ilitiwa mkono hapa Moshi.

Rindi alifariki mwaka 1891, mwaka ambao Wissmann, jemadari wa Wadachi, alikuwa ameivunja ngome ya Sina huko Kibosho, na umangi ukamwangukia Meli, kijana ambaye hakurithi subira ya babaye. Mwezi Juni 1892 afisa wa Wadachi, von Bülow, alipanda na askari wake kumtiisha, na watu wa Moshi, waliokuwa wakilijua kila jiwe na kila mgomba wa njia ile, wakawashinda. Von Bülow akafa, na kwa muda Wadachi wakauacha mlima. Mwaka mmoja na zaidi Moshi ulibaki huru. Agosti 1893 akaja von Schele mwenyewe, mkuu wa serikali ya Wadachi, na jeshi kubwa lenye mizinga, na Meli akashindwa. Walimwacha katika kiti chake, lakini kiti kilikuwa hakina miguu tena: watu wake walitolewa kujenga boma na barabara, na kauli ya mwisho ilikuwa ya Kapteni Johannes, ambaye sikio lake lilikuwa karibu na Mangi Marealle wa Marangu kuliko na mtu mwingine yeyote wa mlimani. Habari zilipoenea kwamba mamangi wanakula njama na watu wa Meru na Arusha, hukumu haikuchelewa. Tarehe 2 Machi 1900, Meli wa Moshi, Ngalami wa Siha, Molelia wa Kibosho na wenzao, jumla yao watu kumi na tisa, walinyongwa Old Moshi mbele ya watu waliokuwa wamekusanywa watazame.

Kwa miaka kumi baada ya hapo mji wa leo haukuwako. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilikuwa ikijikokota kupita Korogwe, Mombo na Buiko, mpaka mwaka 1911 ilipofika chini ya mlima, kilomita 352 kutoka baharini. Kule juu hapakuwa na mahali pa kugeuzia garimoshi. Kwa hiyo mji ulifuata reli, nalo jina likaufuata mji, na umangi wa kale ukabaki ukiitwa Old Moshi mpaka hivi leo. Vita vilipoingia mwaka 1914 kituo hiki kipya kilikuwa kambi kuu ya Wadachi upande wa kaskazini. Machi 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yakakitwaa, na reli ya vita kutoka Voi ikaungwa na ile ya Tanga pale Kahe, hata Moshi ukawa na njia mbili za baharini.

Wakazi wa kwanza wa mji wa chini, basi, hawakuwa wenyeji wa mlima. Walikuwa watu wa reli, askari waliostaafu, wapagazi, mafundi na wachuuzi kutoka pwani na bara, waliojenga nyumba zao za udongo na kuswali pamoja na kusema Kiswahili kwa kuwa hapakuwa na lugha nyingine ya kuwaunganisha. Walikuwa Wahindi wenye maduka, Wagiriki wenye mashamba ya kahawa na mkonge, Wasomali, na Wapare walioshuka milimani kwao. Majengo, Njoro, Kiusa na Bondeni ni mitaa iliyolelewa na watu hao, na ni haki yao kutajwa, maana vitabu vya mlima huwapita bila salamu. Mchagga alikuwa mgeni wao wa mchana. Alikuja sokoni na mkungu wa ndizi, akarudi na chumvi na kitambaa.

Aliyembadilisha mgeni huyo akawa mwenye mji ni mbuni, yaani mti wa kahawa. Miche ya kwanza ililetwa mlimani na mapadri wa Roho Mtakatifu, waliokuwa Kilema tangu mwaka 1891, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ni mmea wa misheni na wa walowezi. Mbuni hupenda kivuli, na migomba ilikuwa hapo tayari. Hupenda maji, na mifongo ilikuwa hapo tayari. Hupenda mbolea, na ng'ombe walikuwa ndani ya nyumba. Ikawa kwamba kihamba, kilichotengenezwa na mababu kwa ajili ya ndizi, mbege na majani ya mifugo, kilikuwa kimekaa kana kwamba kinaungoja mmea huo. Charles Dundas, bwana shauri wa Moshi baada ya vita, mtu aliyewasikiliza wazee na mwaka 1924 akatoa kitabu juu ya mlima na watu wake, aliwahimiza Wachagga wapande. Na walowezi, ambao majirani zao wa Kenya walikuwa wamefaulu kuzuia mbuni wa Mwafrika, wakapiga makelele kwamba kahawa ya wenyeji italeta maradhi mashambani mwao na uhaba wa vibarua. Sababu ya pili ndiyo iliyokuwa ya kweli.

Jibu la wakulima lilikuwa chama. Mwaka 1925 ulianzishwa umoja wa wapanda kahawa wenyeji wa Kilimanjaro, ukiongozwa na Joseph Merinyo wa Old Moshi, ili wanyunyizie dawa mibuni yao, wauze pamoja, na zaidi ya yote wailinde haki yao ya kupanda. Umoja huo ulipata misukosuko ya fedha na ya siasa, nao mwaka 1933 ukazaliwa upya kuwa KNCU, muungano wa vyama vya msingi vilivyotapakaa mlima mzima, wenye makao mjini Moshi. Katika historia ya ushirika Afrika Mashariki hakuna jina lililotajwa zaidi. Lakini tusiupambe kupita kiasi: serikali ilipowalazimisha wakulima wote kuuza kwa njia hiyo moja, na bei ikaanguka, mwaka 1937 watu waliinuka kwa ghasia, maghala yakashambuliwa na viongozi wakahamishwa, kwa kuwa walihisi kwamba chombo walichokiunda wenyewe kilikuwa kimegeuzwa mkono wa serikali. Swali hilo, la nani mwenye ushirika, halijapata kutulia.

Pamoja na hayo fedha ziliingia, na katika miaka ya 1950, bei ya kahawa ilipopanda duniani, ziliingia kwa wingi ambao mlima haukuwahi kuuona. Ukitaka kuujua utu wa watu, tazama wanachokinunua wapatapo. Wachagga walinunua shule. Walutheri waliofika Machame mwaka 1893 na Wakatoliki wa Kilema na Kibosho walikuwa wamekwisha kuwazoesha kitabu. Sasa wazazi wenyewe wakafyatua matofali, wakachangishana kwa gunia la kahawa, wakalipa karo za wapwa na watoto wa jirani. Mjini kukasimama jengo la KNCU, kukawa na mnada wa kahawa na viwanda vya kuikoboa, ilhali kusini ya mji, katika uwanda wa Arusha Chini, mashamba ya miwa yaliyoanzishwa na Wadenmarki katika miaka ya 1930, ambayo watu huyaita TPC mpaka leo, yalikuwa yakiajiri maelfu waliotoka mikoa ya mbali.

Katika miaka hiyo hiyo Wachagga walifanya jambo ambalo mababu zao wangelistaajabia: walijichagulia Mangi Mkuu mmoja. Chama cha Petro Njau, mwanasiasa mahiri aliyejua kuzikusanya hisia za vijiji, kilimwinua Thomas Marealle, mjukuu wa yule Marealle wa Marangu tuliyemtaja, msomi aliyesoma Uingereza, naye akatawazwa mwaka 1952. Akawapa Wachagga bendera, siku kuu yao, na gazeti lililoitwa Komkya, na mwaka 1957 alinena mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Walakini watu waliomchagua kwa kura walijifunza kwamba kura yaweza kutumika tena. Mwaka 1960 wakaamua kwamba mkuu wao awe rais wa kuchaguliwa kwa muda, si mangi wa kudumu, wakamweka mwalimu kutoka Machame, Solomon Eliufoo, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Elimu wa nchi huru. Mangi Mkuu aliondoka kwa karatasi za kura, na hapana hata tone la damu lililomwagika.

Mazoea haya ya kukaa kikao yalifaa hata wageni. Mwezi Februari 1963 wajumbe wa mataifa ya Afrika na Asia walikutana Moshi katika mkutano wao wa tatu wa mshikamano wa watu wa mabara hayo mawili, mji mdogo ukajaa wapigania uhuru na wanasiasa wa nchi ambazo majina yake watoto wa shule walikuwa wakiyakariri tu. Na tarehe 24 hadi 26 Machi 1979, wakati majeshi ya Tanzania yalipokuwa yakisonga mbele kuelekea Kampala, Waganda waliokuwa uhamishoni walikusanyika hapa, vikundi vyao zaidi ya ishirini vikisutana, wakaunda umoja mmoja na kumchagua Yusuf Lule awe kiongozi wake. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Lule hakukaa madarakani hata siku sabini. Mapatano ya Moshi yalifanywa kwa haraka ya vita, na wala mji hauwezi kulaumiwa kwa waliyoyafanya wageni wake walipofika kwao.

Katika watu mashuhuri wa Moshi na mlima wake, wa kwanza kwa taadhima yangu ni mmoja ambaye hana mtaa mkubwa ulioitwa kwa jina lake. Nathaniel Mtui, mwalimu wa Marangu aliyezaliwa mwaka 1892, alikwenda kwa wazee akawauliza habari za mamangi, nasaba zao, vita vyao na hila zao, akaziandika madaftarini wakati waliozishuhudia walikuwa bado hai. Alifariki mwaka 1927, kijana bado. Mzungu aliyesifika kwa maarifa ya Uchagga ni Bruno Gutmann, mmisionari wa Old Moshi aliyeandika vitabu vizito juu ya sheria na mafundisho ya jando, na sifa yake ni ya haki; lakini tarehe ya kisiasa ya mlima, kama ilivyoandikwa na waliofuata, imejengwa sana juu ya kalamu ya Mtui.

Lucy Lameck alizaliwa Moshi mwaka 1934. Alisomea uuguzi, kisha akafanya kazi ya ukarani katika KNCU, akaingia chama cha TANU, akasoma Chuo cha Ruskin huko Oxford na baadaye Marekani katika Chuo Kikuu cha Western Michigan. Aliingia Bunge mwaka 1960, akawa mwanamke wa kwanza wa nchi yetu kupewa cheo cha uwaziri mdogo, na katika mabaraza ya wanaume alisema bila kusitasita juu ya talaka, mirathi na kazi za wanawake, mambo ambayo wengi waliokuwa wakimsikiliza wangependa yabaki nyumbani. Alifariki mwaka 1993. Stefano Moshi wa Mamba, askofu wa kwanza mwenyeji wa Walutheri wa kaskazini, aliwekwa mwaka 1963 kuwa mkuu wa Kanisa la Kilutheri la Tanganyika nzima. Na hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za makanisa na serikali, imewafanya wagonjwa wa mikoa yote ya kaskazini waijue njia ya Moshi. Edwin Mtei, mchunga mbuzi wa Marangu aliyezaliwa mwaka 1932, alikuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu mwaka 1966, akajiuzulu uwaziri wa fedha mwaka 1979 kwa sababu ya kutoafikiana na Mwalimu Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwaka 1992 akawa mwanzilishi wa CHADEMA. Na ndani ya chama hicho Philemon Ndesamburo aliwakilisha Moshi Mjini bungeni kwa miaka kumi na mitano. Reginald Mengi, mtoto wa Machame, akawa miongoni mwa matajiri wa nchi na mwenye vyombo vya habari vilivyosikika kila pembe yake.

Kahawa iliyowasomesha wengi wa rika hizo sasa imepungua. Serikali ilivifuta vyama vya ushirika mwaka 1976, ikavirudisha mwaka 1984, na mapatano ya dunia yaliyokuwa yakiishikilia bei yalipovunjika mwaka 1989 vijana waliona kwamba mibuni ya babu haimlipii mtu karo. Wengine waliing'oa wakapanda mboga na majani ya ng'ombe wa maziwa. Vihamba vyenyewe vimegawanywa na kugawanywa kwa urithi hata baadhi ni vidogo kuliko viwanja vya mjini, na mji uliokuwa wa wageni sasa, kwa sensa ya mwaka 2022, una watu zaidi ya laki mbili, ukipanda mlima kidogo kidogo kupitia Rau, Longuo na Kiboriloni.

Hata hivyo mtu wa mlimani akifa Dar es Salaam, Mwanza au ng'ambo, jamaa hukodi gari kumpeleka kihambani. Mengi alifia Dubai mwaka 2019 akazikwa Machame. Zamani ibada ilikuwa ndefu zaidi: baada ya miaka fuvu la marehemu lilifukuliwa na kuwekwa kwa heshima katika masale ya kiunga, ili mababu wakae pamoja na wanaoendelea kupalilia migomba. Hii ndiyo sababu dai la watu wa Old Moshi juu ya Meli haliwezi kuhesabiwa kuwa ni dai la makumbusho. Husemwa na ukoo wake kwamba baada ya kunyongwa kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na mjukuu wake, Isaria Meli, alikidai kwa miaka mingi. Alitoa vinasaba vyake vilinganishwe na mafuvu yaliyorundikwa Berlin tangu enzi ya ukoloni, ambamo yale ya Afrika Mashariki yanapita elfu moja. Septemba 2023 majibu yalitangazwa: fuvu moja lilikutwa la ukoo wa akida aliyekuwa mshauri wa Meli, na mengine yakaonekana kuwa na jamaa zao hai mlimani. La Meli halikuwamo, na ukoo bado unalidai.